Kamera Ipande Dungu



Sisi tunaotangaza mpira redioni tuna mazoea yasiyotibika. Mpira ukienda wingi ya kulia, midomo yetu inakwenda wingi ya kulia. Ukirudishwa kwa kipa, na sisi tunarudi kwa kipa. Na ndivyo mnavyotaka, maana wewe uliyesimama ndani ya daladala umeshika bomba huna haja ya kuambiwa beki wa kushoto yuko wapi wakati kona inapigwa upande wa pili. Unataka kujua kama bao linakuja au haliji. Televisheni nayo ni hivyo hivyo, ila yenyewe inaongeza mbwembwe: inamsogelea mfungaji mpaka unaliona jasho, inageukia jukwaani, inalirudia bao kwa mwendo wa pole, na huku inarudia, mchezo umeshaanza tena nawe hujauona.

Yupo mtu mmoja ambaye picha za namna hiyo hazimfai, naye ni mwalimu wa timu. Simsemi mwalimu wa Simba au wa Yanga. Klabu hizo siku hizi zina mchambuzi wa video kwenye benchi la ufundi, na vifaa vyake anavyo. Namsema mwalimu wa timu ya sekondari, wa timu ya ligi ya mkoa, wa akademi inayojifua kwenye uwanja wa mchangani. Ana simu nzuri kiasi, ana kijana wa kumrekodia, na kila mwisho wa juma anarudi nyumbani na dakika 90 za video ambazo hajui azifanyie nini.

Hajui kwa sababu kijana alisimama kando ya mstari, simu mkononi, akafanya yale yale tunayofanya sisi watangazaji.

Tupige hesabu kidogo. Katika dakika 90, mpira wenyewe huwa mchezoni kwa kama dakika 55 hadi 60. Zinazobaki ni mipira ya kurusha, faulo, kipa kufunga upya kamba za viatu na mengine tunayoyajua. Gawa hizo kwa wachezaji 22. Kila mmoja anaangukiwa na dakika mbili na nusu hivi, na humo humo zimo sekunde nyingi ambazo mpira uko hewani, hauna mwenyewe. Kwa hiyo video inayoufuata mpira imekuletea dakika mbili na nusu za kila mchezaji, na imekuachia nje dakika 87 alizokuwa akikimbia, akisimama, akizubaa, akimwacha mtu wake apite mgongoni. Na mabao mengi, mwalimu, unajua mwenyewe, yanaanzia kwenye hizo 87.

Kuna Mwingereza mmoja alitumia maisha yake kuuhesabu mpira. Charles Reep, mhasibu wa Jeshi la Anga la Uingereza, alikuwa uwanjani mjini Swindon tarehe 18 Machi 1950, Swindon Town wakicheza na Bristol Rovers. Kipindi cha kwanza kilimkera kwa jinsi mashambulizi yalivyokuwa yakipotea bure. Cha pili akatoa penseli na daftari, akaanza kuandika kila pasi kwa alama alizobuni mwenyewe, na kazi hiyo akaendelea nayo kwa miongo. Akafikia kwamba mabao mengi huzaliwa na pasi tatu au pungufu, na walimu wengi kwao wakalipokea neno hilo kama ruhusa ya kubutua mpira mbele. Wataalamu waliokuja baadaye walimkosoa, kwamba mashambulizi karibu yote, yawe na bao au yasiwe nalo, ni ya pasi tatu au pungufu, kwa hiyo si ajabu mabao mengi yakatokea humo. Mimi naongeza langu: daftari la Reep liliuona mpira tu. Beki aliyevutwa nje ya nafasi yake, uwazi ulioachwa nyuma yake, kiungo aliyekuwa peke yake akipunga mkono asipewe, hawa hawakuwa na safu kwenye daftari. Kijana wako mwenye simu anaandika daftari lile lile, kwa picha.

Wakulima wa mpunga jibu wanalo tangu zamani. Anayeamia ndege hakai chini kati ya mashina. Hupanda dungu, akaliona shamba zima, kwa sababu ndege wanaommaliza si wale walio mbele ya pua yake. Kamera ya mwalimu nayo ipande dungu.

Ipande kiasi gani? Hapa naomba unisikilize vizuri, maana watu wengi hukimbilia kuuliza bei ya kamera kabla ya kuuliza urefu wa mahali itakapokaa. Chukua mchezaji wa mita 1.75 aliyesimama mita 40 kutoka kwenye kamera, yaani katikati ya uwanja hivi. Mwili wake unaficha kipande cha ardhi nyuma yake. Kamera ikiwa kwenye urefu wa mita 2, mkononi mwa kijana mrefu aliyeinua mikono, kinachofichwa ni uwanja wote uliobaki, na vichwa vya walio nyuma vinashikana na cha aliye mbele. Ukiipandisha mita 4, zinafichwa mita 31. Mita 6, zinafichwa 16. Mita 12, zinafichwa 7 tu. Angalia hesabu inavyokwenda: mita mbili tu, kutoka 4 hadi 6, zimekurudishia mita 15 za uwanja. Hakuna lenzi dukani inayoweza kukufanyia hivyo. Simu ya kawaida iliyowekwa mita 6 juu itamsaidia mwalimu kuliko kamera ya mamilioni iliyokaa kwenye benchi la wachezaji wa akiba.

Mita 6 utazipata wapi, kijijini hakuna jukwaa? Shule yenye ghorofa upande wa uwanja ina utajiri isioujua. Dirisha la ghorofa ya pili linatosha. Fuso likiegeshwa nyuma ya mstari, tripodi ikasimama juu ya bodi, unapata mita 4 na kitu, si haba. Mafundi ujenzi wanaweza kukusimamishia jukwaa la mirunda na mbao kwa asubuhi moja, mradi liwe na ngazi na kizuizi cha mkono, kwa sababu hakuna video yenye thamani ya mgongo wa mtoto wa watu. Na kama jukwaa ni la mbao, anayerekodi asisimame kwenye mbao zile zile zilizobeba tripodi. Kila akihamisha mguu, picha inatetemeka kama tetemeko la ardhi limepita. Zipo pia nguzo za kurefusha, kamera inakaa kileleni na wewe unaiongoza kwa simu ukiwa chini. Nzuri, lakini upepo wa saa 10 jioni pale Tanga au Mombasa utazichezesha. Zifungwe kamba tatu zilizokazwa kwenye vigingi, kila moja upande wake.

Mahali penyewe ni mkabala na mstari wa kati. Ukikaa kwenye pembe ya uwanja, goli moja liko karibu na jingine liko nchi nyingine, na hutaweza tena kulinganisha umbali kati ya beki na beki. Baadhi ya walimu hupenda nyuma ya goli, na wana haki yao: ukitaka kuona kama mabeki wanne wamenyooka sawasawa kwa upana, au winga anaacha pengo gani, nyuma ya goli hakuna mpinzani. Lakini hiyo ni kamera ya pili. Kama ni moja tu, katikati.

Upande upi? Tufuate jua. Mechi zetu nyingi zinaanza saa 10 jioni, jua limeshaelekea magharibi, kwa hiyo kamera ikae upande wa magharibi, jua likiwa mgongoni mwake. Ndiyo maana wajenzi wa viwanja vikubwa hupendelea kulaza uwanja kaskazini na kusini, na jukwaa kuu wakaliweka magharibi. Mechi za shule za saa 3 asubuhi ni kinyume chake, hamia mashariki. Viwanja vyetu vya mtaani, bila shaka, vimelala kufuatana na kiwanja kilivyopatikana, kwa hiyo fika mapema usimame mwenyewe utazame. Na jukwaa lenye paa lina mtego wake: kivuli chake jioni kinaukata uwanja vipande viwili, nusu giza, nusu mwanga mkali, na simu itahangaika, mara inafifisha upande huu, mara inaunguza ule. Bonyeza skrini mahali penye nyasi za mwanga wa wastani, shikilia mpaka mwanga na umakini wa lenzi vijifunge, halafu usiguse tena.

Sasa tufike kwenye upana, ambako ndiko ubishi uliko.

Kila mwalimu anataka uwanja mzima ndani ya picha moja, kamera isigeuzwe hata kidogo. Ni matakwa ya haki. Lakini uwanja wa kawaida una urefu wa mita 105, na lenzi kuu ya simu inaona pembe ya karibu nyuzi 70. Ili kona mbili za karibu ziingie zote, unatakiwa kurudi nyuma ya mstari mita 75. Viwanja gani mtaani kwetu vina mita 75 za nafasi nyuma ya mstari? Utakuwa umesimama sebuleni kwa mtu. Ile lenzi pana sana ya simu inasaidia, mita 40 zinatosha, lakini inapinda mistari pembezoni na kuwafanya wachezaji wawe wadogo kama sisimizi. Ukieneza mita 105 kwenye picha yenye vidoti 1,920 kwa upana, mchezaji mzima anapata vidoti 32 kwa kimo. Namba ya mgongoni ya sentimita 30 inapata vidoti vitano au sita. Kwa vidoti vitano, 8 na 3 na 6 ni ndugu. Ukirekodi kwa ubora wa 4K unapata mara mbili ya hapo, na namba inaanza kusomeka kwa shida, ila faili linavimba.

Ushauri wangu, na najua wapo watakaonipinga, ni kuacha tamaa ya uwanja mzima. Kaa mita 20 nyuma ya mstari, kwenye urefu wako wa mita 6, tumia lenzi kuu. Pale katikati ya uwanja utakuwa unaona upana wa kama mita 75. Timu iliyojipanga vizuri, kutoka beki wa mwisho mpaka mshambuliaji wa mbele, huwa ndani ya mita 35 au 40. Maana yake wachezaji 20 wa ndani, wa timu zote mbili, karibu muda wote wanaenea kwenye picha. Kinachobaki ni kuigeuza kamera polepole mchezo unapohama.

Na hapa ndipo kijana anapotakiwa kufundishwa upya, kazi ngumu kuliko kununua tripodi. Mwambie asiutazame mpira. Amtazame beki wa mwisho wa timu inayoshambuliwa, na mtu wa mwisho wa timu inayoshambulia, na ahakikishe wote wawili wamo. Mpira utajileta wenyewe. Asivute picha karibu, hata bao likifungwa, hata rafiki yake ndiye aliyefunga. Hasa bao likifungwa! Ndipo mwalimu anapotaka kujua nani alikuwa wapi sekunde kumi kabla. Mpeni mechi moja ya mazoezi ajifunze mkono, na mchague mtoto mtulivu. Yule shabiki mkubwa wa timu mpeni kazi ya kubeba maji.

Kuna kamera siku hizi zinazojiendesha zenyewe, zinautafuta mpira kwa akili ya kompyuta. Mwezi Oktoba 2020 klabu ya Inverness huko Uskoti ilirusha mechi yake kwa kamera ya aina hiyo, na kamera ikakishika kichwa chenye upara cha mshika kibendera, ikadhani ndio mpira, ikawa inamrudia yeye tena na tena huku mchezo ukiendelea kwingine. Dunia nzima ilicheka. Zimeboreshwa sana tangu hapo, lakini nyingi ukiziacha zijiongoze bado zina kasoro yetu sisi watangazaji. Ukibahatika kuipata, tafuta ndani ya mpangilio wake ile picha pana ya uwanja mzima, uihifadhi hiyo. Droni, au ndege nyuki kama wengine wanavyoiita, inapendeza machoni, ila betri yake huchoka baada ya dakika 20 au 30, kipindi ni dakika 45, na Tanzania na Kenya zote zinataka kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga kabla hujairusha.

Mambo madogo madogo, niyapitie haraka. Simu iwekwe kwenye hali ya ndegeni, la sivyo shangazi atapiga dakika ya 70 na kurekodi kutakatika. Isikae juani, ikipata joto inajizima. Ubora wa kawaida wa HD kwa picha 30 kwa sekunde hula karibu megabaiti 130 kila dakika, mechi nzima ni gigabaiti 12 hivi, kwa hiyo futa picha za harusi usiku wa kuamkia mechi. Kamera nyingi za kadi hukata faili kila linapofika gigabaiti 4. Si ubovu, yaunganishe baadaye. Tripodi uining'inizie kiroba cha mchanga katikati. Na uanze kurekodi kabla ya filimbi ya kwanza, ili mlio wake uingie: yule msaidizi wako kwenye benchi mwenye daftari, anayeandika dakika ya 23 wamepoteza mpira katikati, ataweza kulinganisha saa yake na video bila kubahatisha.

Nimesema juu, mbali, pana. Sasa nijipinge mwenyewe, maana mchezo mwingine una sheria nyingine. Ukitaka kuchambua mwili wa mtu mmoja, mkimbiaji au mrusha mkuki au kipa anayejifunza kuruka, kamera ishuke. Iwe usawa wa kiuno, mraba kabisa na njia anayopita, ikae mbali kidogo, na picha ivutwe kwa lenzi, si kwa kusogea, ili mwili usipindike. Na hapo kasi ya picha ndiyo mfalme. Mkenya Ferdinand Omanyala alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Kasarani tarehe 18 Septemba 2021, akaweka rekodi ya Afrika, wastani wake ulikuwa zaidi ya mita 10 kwa sekunde. Kwa video ya picha 30 kwa sekunde, mtu wa kasi hiyo anasogea sentimita 34 kati ya picha na picha. Mguu wake unagusa ardhi kwa kama sehemu moja ya kumi ya sekunde: unapata picha tatu, na huenda hakuna hata moja iliyonasa mguu ukitua. Rekodi kwa picha 240, kama simu yako inaweza, utapata 24, na kila kitu kiko wazi.

Kuna pia kasi ya kufumba na kufumbua lenzi, ambayo wengi huichanganya na hiyo ya picha. Shuti la kilomita 108 kwa saa ni mita 30 kwa sekunde. Lenzi ikifumbuka kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde, mpira umesafiri sentimita 60 ndani ya picha moja, unaonekana kama soseji. Ikifumbuka kwa sehemu moja ya elfu, ni sentimita 3. Lakini kufumbuka kwa haraka kunataka mwanga mwingi, na saa 12 jioni mwanga huo hunao, kwa hiyo majaribio ya kupiga mashuti yafanyeni mapema.

Mwalimu wa watoto, kabla ya yote hayo ongea na wazazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019, na sura ya mtoto ni taarifa yake. Pata ruhusa kwa maandishi, video ibaki kwa benchi la ufundi, isiende kwenye magrupu ya WhatsApp ambako kosa la beki wa miaka 14 litageuzwa kichekesho cha mtaa.

Halafu inakuja Jumatatu. Usiwakalishe vijana mbele ya dakika 90, watalala, na wana haki. Kata vipande vitano au sita, vyote pamoja visizidi dakika kumi. Mara ya kwanza kila mmoja atajitafuta mwenyewe na kucheka anavyokimbia, waache wamalize. Ukirudia, simamisha picha pale mpira ulipokuwa kwenye kona ya mbali kabisa, miguuni mwa mtu ambaye leo hatumjadili, kisha muulize beki wa kushoto: wewe hapa ulikuwa unamwangalia nani?